Mafuta yamepanda tena: kabla hujauza gari, hesabu lita, kisha soma kodi

LitaKwaMia (mwenye uzi)

Wakuu, kila bei ya mafuta inapopanda maswali ni yale yale: niuze hili nichukue lile, nifunge gesi, nihamie dizeli, ninunue la umeme? Naomba uzi huu tuweke hesabu na ufundi, na tusiikwepe siasa, kwa sababu siasa ndiyo inayoamua kama gari unalolichagua leo litakuwa bado na nafuu miaka mitano ijayo.

Naanza na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Tumezoea kusema gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Unapolinganisha magari, kipimo hicho kinakupoteza. Mtu ana gari la kilomita 6 kwa lita, analibadilisha na la kilomita 8. Mwenzake ana la kilomita 15, anachukua la 20. Kwa macho, wa pili ndiye aliyeokoa zaidi. Sasa piga hesabu kwa kilomita 1,000: wa kwanza ametoka lita 167 hadi 125, ameokoa lita 42. Wa pili ametoka lita 67 hadi 50, ameokoa 17. Nyumba yenye magari mawili ianze na lile lafi, hata kama nafuu yake inaonekana ndogo. Tumieni lita kwa kila kilomita 100, mtaona ukweli moja kwa moja.

Kupima ni hivi. Jaza tanki hadi nozeli ya pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Andika odomita. Tembea angalau kilomita 400 kwa safari zako za kawaida. Rudi pampu ile ile, jaza hadi ijikate mara ya kwanza. Lita zilizoingia gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Fanya hivyo kwa tanki tatu, uchukue wastani, kwa sababu povu na mwinamo wa gari vinaweza kupotosha mjazo mmoja kwa lita moja au mbili. Namba ya dashibodi isikutoshe. Kompyuta inakadiria kwa muda ambao nozeli za injini zimefunguka, na mara nyingi inalipendelea gari. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, odomita inahesabu pungufu: kipenyo kikizidi kwa asilimia 3, kilomita zinapungua kwa karibu asilimia 3, gari linaonekana lafi kuliko lilivyo.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia wengine. Bei ikishapanda, kila mtu anataka gari dogo na kila mtu anauza kubwa. Unauza lako likiwa limeshuka thamani na kununua lile lililopanda. Hasara hiyo iingie kwenye hesabu kabla ya akiba ya mafuta.

FundiSindano

Mkuu LitaKwaMia, umeanza vizuri. Mimi nasema gari lichunguzwe kabla ya kuitwa lafi, kwa sababu mengi ya hayo ni magonjwa tu.

Anza na joto la injini. Thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto, ikikwama wazi, injini haifiki joto la kazi na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile gari limewashwa sasa hivi. Chomeka mashine ya kusomea kwenye soketi ya OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, tembea dakika 15, angalia joto la kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Kwa magari mengi linatakiwa litulie kati ya nyuzi 85 na 95. Likibaki 65 au 70, na likishuka zaidi kwenye mteremko, badilisha thamostati. Aliyeing'oa kabisa kwa hofu ya injini kuchemka anailipia kila anapojaza tanki.

Kwa mashine hiyo hiyo soma marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Gari zima hukaa ndani ya asilimia 5, juu au chini. Jumla ikipita +10, kompyuta inaongeza mafuta kwa kuwa inaona hewa imezidi. Hapo angalia tabia: ikiwa namba ni kubwa injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha inapungua ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inapenya mahali, mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) imechoka. Ikiwa inakua kadiri unavyokanyaga, sensa ya hewa imechafuka au pampu ya mafuta imechoka presha. Jumla ikipita -10, mafuta yamezidi: nozeli inavuja, au presha ya mafuta iko juu. Sensa ya oksijeni iliyozeeka nayo inadanganya, ila usiibadilishe kabla ya kumaliza uvujaji. Ukiibadilisha kwanza, mpya itasoma kosa lile lile.

Breki zinazobana ni mwizi asiyeonekana. Baada ya safari bila kukanyaga breki sana, karibisha mkono kwenye kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ndiyo yenye shida. Piga jeki, weka gia huru, zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, fungua kalipa uangalie pini zake za kutelezea. Zikiwa kavu na zina kutu, zisugue, zipake grisi ya breki inayohimili joto, badilisha vifuniko vya mpira vilivyochanika. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama upya.

Upepo wa tairi pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako.

Na filta ya hewa: kwenye injini za kisasa za petroli filta chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo. Ibadilisheni kwa ajili ya nguvu na uhai wa injini. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia kwenye tanki, hizo achaneni nazo kabisa.

Msukani

Shukrani kaka FundiSindano. Kwenye mwendo je? Wengine wanasema barabara kuu gari linakula kidogo hata ukikimbia.

FundiSindano

Linakula kidogo ukilinganisha na foleni, hadi pale upepo unapoanza kutawala, yaani kuanzia kilomita 80 au 90 kwa saa. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 hadi 110, mwendo umeongezeka kwa asilimia 22, ukinzani wa hewa kwa karibu asilimia 50. Keria tupu juu ya paa nayo inakula barabara nzima, ing'oe usipoitumia.

Serikali ya Marekani ilitumia sababu hiyo hiyo mwanzoni mwa 1974, ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89, nchi nzima, miezi michache baada ya vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973.

Pipa159

Umenigusia ninapopapenda. Niongeze jinsi bei inavyojengeka, kwa sababu watu wanalaumu upande mmoja tu.

Pipa la mafuta ghafi ni lita 159. Kwa hiyo pipa likipanda dola 10, malighafi ya lita moja imepanda takribani senti 6.3 za dola. Juu yake ongeza usafishaji, meli, bima, hifadhi, usambazaji, faida ya muuzaji, halafu kodi na tozo. Nchi inayoagiza ina pigo la pili: sarafu yake ikishuka asilimia 10 dhidi ya dola, sehemu yote inayolipwa kwa dola inapanda hata kama pipa halijasogea. Anayefuatilia bei ya pipa peke yake atashangaa kila mwezi.

Kwenye kodi kuna aina mbili zenye tabia tofauti. Ushuru wa kiasi maalumu kwa lita haubadiliki pipa linapopanda, kwa hiyo nchi yenye ushuru mkubwa wa namna hii bei yake ya pampu inapanda kwa asilimia ndogo kuliko pipa. Kodi ya asilimia, kama ya ongezeko la thamani, inapanda pamoja na bei, na hapo serikali inavuna zaidi wakati wananchi wanaumia. Ndiyo maana wito wa kupunguza kodi unapata nguvu kila mara. Na tabia ya bei kupanda haraka na kushuka taratibu ipo kweli, wachumi wameichunguza katika nchi nyingi. Sababu moja ni ushindani: bei inaposhuka, mnunuzi hazunguki vituo kutafuta nafuu kama anavyozunguka inapopanda, na muuzaji hana haraka.

Sasa tuje kwenye magari. Serikali ikishaipendelea nishati moja kwa kodi, watu hununua magari kwa kuufuata upendeleo huo. Siku ikiugeuza, inakuwa imewashika kwenye gari ambalo bado hawajalimaliza kulilipia. Ufaransa kwa miongo mingi iliitoza dizeli ushuru mdogo kuliko petroli. Mwaka 2012 zaidi ya asilimia 70 ya magari mapya kule yalikuwa ya dizeli. Halafu sera ikageuka, na mpango wa Januari 2019 ukawa kuongeza senti 6.5 za yuro kwa lita ya dizeli na 2.9 kwa petroli. Walioumia zaidi ni wakazi wa miji midogo na vijijini, wasio na treni wala basi, waliofuata ushauri wa serikali ile ile. Tarehe 17 Novemba 2018 waandamanaji waliovaa vizibao vya njano wakaziba mizunguko ya barabara nchi nzima, na Desemba nyongeza ikafutwa. Hata vazi lenyewe lilitoka garini: sheria ya Ufaransa inamtaka dereva awe nalo.

MamaEkseli

Mkuu Pipa159, hapo nakuunga mkono, na mfano wa Kazakhstan unaonesha hivyo hivyo kwa gesi. Mkoa wa Mangystau magari mengi yalikuwa yamebadilishwa yatumie LPG kwa sababu bei yake ilidhibitiwa ikawa chini. Udhibiti ulipoondolewa, mwanzoni mwa Januari 2022 lita ikaruka kutoka tenge (sarafu ya kule) 60 hivi hadi 120. Maandamano yalianzia Zhanaozen, yakaenea nchi nzima, baraza la mawaziri likajiuzulu, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mateso yao yalikuwa na mizizi mingine mirefu, lakini cheche ilikuwa ni bei ya kujaza mtungi wa gari.

Kwa hiyo anayefunga gesi leo aulize kwanza: unafuu huu unatokana na gesi yenyewe kuwa rahisi, au na kodi ambayo bado haijawekwa?

Msukani

Dada MamaEkseli, tuelekeze basi kuhusu hiyo gesi. CNG na LPG wengi wanazichanganya.

MamaEkseli

Ni vitu viwili tofauti. LPG ni propani na butani, inakuwa kimiminika kwa presha ndogo. CNG ni gesi asilia, yaani methani, inashindiliwa hadi bar 200 na inabaki gesi.

LPG kwanza. Lita moja ina nishati pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na petroli, kwa hiyo gari litakunywa lita nyingi zaidi, kama asilimia 20 hadi 25. Ikiwa lita ya LPG haijashuka chini ya robo tatu ya bei ya petroli, usihangaike kufunga. Tangi hujazwa hadi asilimia 80 tu, vali inajifunga yenyewe, maana kimiminika kinahitaji nafasi ya kutanuka kikipata joto. Tangi la lita 60 linabeba 48. Mfumo mzuri ni wa sindano za gesi kwa kila silinda, wenye kompyuta yake. Gari linawaka kwa petroli, kisha linahamia gesi kulanti ikifika nyuzi 40 hivi, kwa sababu kipunguza presha kinapashwa na kulanti hiyo. Fundi akiunga mipira ya kulanti vibaya, au rejeta ikiwa na maji pungufu, kipunguza presha kinaganda barafu na gari linazima kwenye mzigo.

CNG: kilo moja ina nishati ya takribani lita 1.5 za petroli. Mtungi wa chuma wa lita 60 unabeba gesi kilo 10 hivi, sawa na lita 15 za petroli, na wenyewe una uzito wa mtu mzima. Gari la lita 7 kwa kilomita 100 litakwenda kama kilomita 210. Buti limekwisha na springi za nyuma zinalala. Nguvu inapungua kwa karibu asilimia 10, kwa kuwa gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda.

Yanayoharibika: gesi inahitaji cheche kali kuliko petroli, kwa hiyo koili na plagi zilizochoka, ambazo kwenye petroli zilikuwa zinavumilika, zinaanza kukosa moto mara moja. Badilisha plagi kabla ya kufunga mfumo, si baada. Mfumo wa zamani wa mikisa unajaza gesi kwenye manifoldi nzima, na cheche ikirudi nyuma inapasua boksi la filta. Viti vya vali vinalika kwenye injini zenye chuma laini, kwa hiyo nafasi za vali zipimwe mapema kuliko ratiba ya kitabu inavyosema; zikiendelea kupungua kila ukipima, viti vinazama.

Usalama: mtungi uwe na muhuri wa kiwango, R110 kwa CNG na R67 kwa LPG, namba yake na tarehe ya kupimwa tena. Mtungi wa oksijeni au wa jikoni haufungwi kwenye gari, iwe kwa sababu yoyote. LPG ikivuja inatambaa chini na kujaa kwenye mashimo na maegesho ya chini ya ardhi. CNG inapaa, ndiyo maana viunganishi vilivyo ndani ya buti vinafunikwa na mfuko wenye bomba la kutolea gesi nje. Kagua maungio yote kwa povu la sabuni. Moto wa kiberiti haupimi uvujaji, unauwasha.

Pipa159

Naongezea Brazil, maana ni darasa zima. Novemba 1975, baada ya mshtuko wa 1973, serikali ilianzisha mpango wa pombe ya miwa uitwao Proálcool. Mwaka 1979 Fiat 147 ya pombe tupu ikaingia sokoni, na katikati ya miaka ya 1980 karibu magari yote mapya ya abiria yalikuwa ya pombe. Kisha mafuta ghafi yakashuka bei, sukari ikapanda duniani, wenye viwanda wakageuzia miwa kwenye sukari. Mwishoni mwa 1989 pombe ikaadimika vituoni na watu wakabaki na magari yasiyo na cha kunywa. Imani ilirudi mwaka 2003 tu, VW Gol ilipokuja na injini inayokubali petroli, pombe au mchanganyiko wowote. Dereva wa kule ana kanuni rahisi: pombe inamlipa ikiwa bei yake iko chini ya asilimia 70 ya petroli.

Ndiyo maana kwa gesi mimi napendelea mfumo unaobakiza petroli ikifanya kazi. Gari la nishati mbili linakuachia uamuzi mkononi mwako.

DizeliDamu

Wakuu, mbona dizeli mnaipita? Inakula kidogo, ina torki (nguvu ya kuvuta), ndiyo jibu la safari ndefu.

FundiSindano

Kwa safari ndefu sawa kabisa. Kwa mjini, safari fupi fupi, gari la dizeli lenye kichujio cha masizi litakupa shida. Kichujio kinajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na linahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Ukizima kila mara katikati, mafuta ya ziada yaliyopulizwa kwa ajili ya kuchoma yanateremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kikisoma juu ya alama ya mwisho na kinanuka dizeli, mwaga oili hiyo leo, imeshakuwa nyepesi na beringi zinasagika.

La pili ni uchakachuaji, na hapa siasa inaingia moja kwa moja kwenye injini. Mafuta ya taa yakitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia anayewasha taa na jiko, pengo hilo linakuwa faida ya anayechanganya. Mafuta ya taa hayana ulainishi wa dizeli, na pampu ya presha kubwa inalainishwa na mafuta yenyewe. Kwa presha ya bar 1,600 hadi 2,000, chuma kinakwaruza chuma. Toa filta ya mafuta, ikate kwa msumeno bila kumwaga vumbi ndani, tandaza karatasi yake juani. Ukiona inameta kama imenyunyiziwa fedha, pampu imeshakufa na vipande vyake vimeshafika kwenye nozeli. Kubadilisha pampu peke yake hapo ni kutupa pesa: inabadilishwa pampu, reli, nozeli na mabomba ya kurudisha, na tanki linaoshwa. Nafuu ya mafuta ya miaka kadhaa inaondoka kwa siku moja.

Maji nayo ni hatari. Kifungulio cha chini ya filta kifunguliwe mara kwa mara hadi itoke dizeli safi. General Motors ya Marekani iliipuuza hatari hiyo ilipoleta dizeli ya Oldsmobile V8 mwaka 1978, mafuta yakiwa ghali. Waliibakiza mpangilio wa bolti za hedi wa injini ya petroli, 10 kwa kila hedi, huku mgandamizo ukifika 22.5 kwa 1, na hawakuweka kitenganisha maji. Bolti zikanyooka, gasketi za hedi zikapasuka, pampu zikapata kutu. Injini ilifutwa 1985, na Wamarekani wengi wakaikimbia dizeli ya magari madogo kwa miaka mingi.

MamaEkseli

Marekani hiyo hiyo ina somo jingine. Sheria ya Desemba 1975 ilivitaka viwanda vifikishe wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, kama lita 8.6 kwa kilomita 100. Lakini "malori mepesi" yaliwekewa kiwango tofauti, rahisi zaidi. Mafuta yaliposhuka bei miaka ya 1980 na 1990, viwanda vikajenga magari ya familia juu ya chasisi za pikapu, yakahesabiwa malori. Bei ilipofika dola 147 kwa pipa Julai 2008, wenye magari hayo wakashindwa kuyauza, na Hummer ikafungwa 2010. Mwaka 2009 serikali ikalipa watu wasalimishe magari yanayokwenda maili 18 kwa galoni au chini ya hapo. Oili ilimwagwa, ikatiwa silikati ya sodiamu, injini ikawashwa hadi ikakwama isirudi barabarani tena. Karibu magari 680,000 yaliondolewa. Mlango mmoja uliachwa wazi kwenye sheria, na gharama ya kuufunga ikaja miaka 30 baadaye.

SautiYaDebe

Naomba tuzungumzie ruzuku. Mnaongea kama vile mwenye gari ndiye anayeumia. Asiye na gari anaumia kwa nauli na kwa bei ya chakula. Serikali iweke ruzuku, basi.

Pipa159

Ndugu SautiYaDebe, hoja yako ya nauli na chakula ni ya kweli, na ndiyo inayofanya jambo hili liwe zito kuliko bei nyingine yoyote. Ubaya wa ruzuku ya pampu ni kwamba inagawanywa kwa lita. Mwenye gari la lita 15 kwa kilomita 100 anapokea mara mbili na zaidi ya mwenye gari la lita 7, na abiria wa daladala au matatu anapata kijisehemu. Pia inaongeza mvuto wa kuvusha mafuta mpakani, na inaendelea kuyafanya magari makubwa yaonekane yanabebeka.

Lakini kuiondoa kwa kushtukiza ni kuwasha moto. Nigeria tarehe 1 Januari 2012 bei ilitoka naira 65 hadi 141 kwa lita usiku mmoja. Mgomo ukasimamisha nchi, na ndani ya mwezi huo huo bei ikashushwa hadi 97. Ecuador Oktoba 2019 amri namba 883 iliondoa ruzuku, serikali ikahamia Guayaquil kwa muda, na amri ikafutwa chini ya wiki mbili. Waliofanikiwa zaidi walitanguliza fedha. Indonesia mwaka 2005 ilipandisha bei zaidi ya mara mbili huku ikigawa rupia 100,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zaidi ya milioni 15. Iran mwaka 2010 iliweka fedha kwenye akaunti za wananchi kwanza, ndipo ikapandisha bei. Mwaka 2019 ilipandisha petroli ghafla, na nchi ikawaka.

SautiYaDebe

Nimekuelewa, mkuu. Bado nasisitiza: fedha hizo zifike kwanza mkononi, na basi liwepo barabarani. Ahadi ya baadaye mtu halipii nauli.

Pipa159

Hapo hatutofautiani hata kidogo.

Kilowati

Niingie kwa haibridi, yaani gari lenye injini na mota ya umeme pamoja, na kwa magari ya umeme.

Haibridi inaokoa pale breki zinapotumika sana, maana inarudisha nguvu ya kusimama kwenye betri. Mtu wa foleni anaona tofauti kubwa, wa barabara kuu ndogo. Ukinunua iliyotumika, mfano Toyota Prius ya kizazi cha pili au cha tatu, kagua feni ya betri karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nywele zikiziba tundu lake, betri inachemka na seli zinakufa moja moja. Ng'oa kifuniko, safisha feni kwa brashi laini. Kwa mashine soma volti za vikundi 14 vya betri gari likiwa kwenye mzigo. Tofauti ikikaribia volti 1 kati ya kikundi na kikundi, betri inaelekea mwisho. Kizazi cha tatu kina ugonjwa wake: kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini kinaziba masizi, kisha gasketi ya hedi inapasuka. Injini ikitetema vibaya kwa sekunde chache inapowaka asubuhi, na kulanti inapungua bila kuvuja nje, liache gari hilo kwa mwenyewe.

Umeme sasa. Gari dogo la umeme linatumia takribani uniti (kilowati-saa) 17 kwa kilomita 100, na ukihesabu upotevu wa kuchaji, ukutani zinatoka kama 19. La petroli la lita 7 likiwa mshindani wake, gawanya 19 kwa 7: unapata 2.7. Kama lita ya petroli inagharimu zaidi ya mara 2.7 ya uniti ya umeme unayolipia wewe, umeme ni rahisi kuendesha. Pengo likiwa kubwa mno, mara tano au sita, hata bei kubwa ya kununua inarudi kwa anayetembea sana. Ukichaji barabarani kwa bei ya biashara, piga hesabu upya kwa bei hiyo.

Nyumbani, soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Chaja ya ukutani ya ampea 32 kwa volti 230 inatoa 7.4, nayo inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye mita, waya wa milimita 6 za mraba au 10 kama ni mbali, swichi ya kukata umeme ukivuja, na waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) uliopimwa. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye kibiringita inayeyuka, kwa sababu mzigo ni wa saa nyingi mfululizo. Ukinunua lililotumika, uliza afya ya betri kwa asilimia, si kilomita peke yake. Nissan Leaf za mwanzo za uniti 24 hazina upoozaji wa kimiminika, na zilizoishi kwenye joto kali zimechoka mapema.

Na siasa yake haijatulia. Norway, ambayo ni muuzaji mkubwa wa mafuta, ilisamehe magari ya umeme kodi ya ongezeko la thamani tangu 2001, na mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya kule yalikuwa ya umeme. Ujerumani ilikata ruzuku yake ghafla Desemba 2023, na mwaka uliofuata mauzo yakashuka kwa zaidi ya robo. New Zealand kuanzia Aprili 2024 inayatoza kwa kilomita, maana barabara zinatengenezwa kwa fedha ya mafuta ambayo magari haya hayalipi. Ethiopia mwaka huo huo ilizuia uingizaji wa magari binafsi yasiyo ya umeme ili kuokoa fedha za kigeni. Anayenunua leo ahesabu kwamba tozo ya kilomita itakuja, aone kama gari bado linamlipa.

Msukani

Nimejifunza mengi. Swali la mwisho kwa mwenye uzi: gari langu linakula lita 12, natembea kilomita 700 kwa mwezi. Nachukua la lita 8 au nabaki?

LitaKwaMia

Geuza kila gharama iwe lita, mkuu, ili bei ikibadilika hesabu isikuharibikie. Sasa unatumia lita 84 kwa mwezi, ukibadilisha utatumia 56. Akiba ni lita 28, kwa mwaka 336. Chukua fedha utakayoongezea, uhamisho wa umiliki, bima mpya na sevisi ya kwanza ya gari usilolijua historia yake, vyote vigawe kwa bei ya lita moja. Tuseme vimefika lita 2,000. Utairudisha kwa miaka 6. Hata mafuta yakipanda tena kwa asilimia 30, zile lita 2,000 zinakuwa 1,540 hivi, bado ni zaidi ya miaka minne na nusu.

Mwenye gari kama lako anayetembea kilomita 2,500 kwa mwezi anaokoa lita 100 kila mwezi, yeye anarudisha ndani ya miezi 20. Huyo abadilishe. Wewe anza na thamostati, marekebisho ya mafuta na breki kama alivyoeleza FundiSindano. Likishuka kutoka 12 hadi 10.5 umeshapata zaidi ya theluthi ya akiba ile bila kuuza kitu. Pima tanki tatu kabla na tatu baada ya matengenezo, kisha weka namba zote hapa tuzipitie.